Buti Mlangoni pa Hema

"Fungua wewe," Zohra alisema, akausukuma mfuko kwa ncha ya kandambili. "Mimi nimeshindwa."

Mfuko ulikuwa wa plastiki nzito, wa aina wanayokukabidhi hospitali mtu wako akishaondoka, na ulikuwa umekaa nyuma ya mlango wa fleti yake ya Flemingdon Park tangu siku ya mazishi. Ildefonce Rwegoshora hakuugusa. Zamani, alipokuwa mpelelezi wa polisi Mwanza, alifundishwa kuwauliza walio hai kwanza, vitu vya marehemu baadaye. Siku hizi kazi yake hapa Toronto ilikuwa kuwafuatilia watu wanaojidai wameumia mgongo ili walipwe bima, kazi ya kutia aibu kidogo, lakini kanuni ni kanuni. Akavua koti, akaketi, akapokea kikombe cha chai.

"Niambie unachotaka kujua, Mama Aleena. Yaliyoandikwa na polisi nimeshayasoma. Nataka la kwako."

Aleena, binti wa Zohra, alikuwa mji wa jirani wa Brampton na watoto wake, na ndiye aliyemlilia Ildefonce kwenye simu aje, maana mama hali wala halali. Zohra alikaza mtandio kichwani. Alizaliwa Mwanza, akakulia Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule, hakijaingia barafu hata chembe.

"Nataka kujua kama Navroz wangu alikufa peke yake. Basi. Sina lingine."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Katikati ya Februari hiyo ya 2015, mwezi ambao hata Wakanada wenyewe walikuwa wakiulaani, Navroz alipanda kivuko kwenda visiwani, mbele ya jiji, kuvua samaki kwenye ghuba iliyoganda. Mchana mpita njia mmoja akawaambia wakazi wa kule kwamba kuna mzee anaumwa hemani, kisha akaenda zake bila kutaja jina. Walipofika, Navroz alikuwa amekwisha kata roho. Daktari alisema moyo. Moshi wa jiko la gesi, jambo ambalo Ildefonce alilishuku mwanzo kabisa, daktari aliupima akaukataa.

"Sasa ofisa akaja hapa," Zohra alisema. "Kijana mzuri tu, hata kofia alivua. Akaniambia walimkuta na soksi, buti ziko nje ya mlango wa hema. Akasema baridi ikimzidi mtu, akili hupotea, anaona joto, anaanza kuvua nguo. Alidhani ananisaidia kuelewa! Tangu siku hiyo kila nikifumba macho namwona Navroz anahangaika kule kama mwendawazimu, anavua viatu juu ya barafu, ananiita. Na mimi niko hapa naangalia tamthilia." Akapangusa macho kwa kiganja. "Alinibembeleza twende wote, Bwana Ildefonce. Nikamwambia mimi sikuja Kanada kulazwa juu ya barafu kama sangara wa kiwandani."

Ildefonce hakumwambia pole. Pole alikuwa ameshaambiwa na kila mtu. Akatandaza magazeti sakafuni, akaufungua mfuko, akaanza kupanga vitu kimoja kimoja kama alivyokuwa akipanga vidhibiti kwenye meza ya mkuu wake.

Kwanza fimbo ya kuvulia, fupi kama mwiko wa ugali. Ildefonce akaishika, akajikuta anatabasamu. Loo! Kwao Bukoba, ukitokea ziwani na kifimbo hiki, watoto wangekuimba mpaka jioni. Kisha keke kubwa ya mkono ya kutobolea barafu, ndefu kumfika kifuani. Kisha upawa wenye matundu. Kisha misumari miwili yenye vishikio vya mbao, imeunganishwa kwa kamba. Kisha mtaimbo, chupa ya chai, na mkeka uliokunjwa.

"Mkeka wangu!" Zohra alishtuka. "Huo wa mama yangu. Niliutafuta nyumba nzima."

"Ulikuwa umetandikwa ndani ya hema. Picha za polisi zinaonyesha." Akaigeuza chupa ya chai mkononi. "Hii ni kubwa, Mama Aleena. Ya familia."

"Mwenyewe aliitaka. Mwanzo nilikuwa namtilia chai kwenye kile kichupa chetu kidogo. Kuanzia Krismasi akasema hakimtoshi, baridi inakausha koo. Na chapati! Alikuwa anabeba rundo la chapati, mwanaume ambaye hapa nyumbani nilikuwa namsukumia ya pili. Nikasema haya, hewa ya ziwani inamfungua tumbo."

"Alikuwa anavua na nani?"

"Peke yake, ndivyo alivyosema. Labda Alnasir, tunayesali naye jamatkhana, huyo ndiye aliyemtia wazimu wa kuvua."

Ildefonce akampigia Alnasir pale pale. Alnasir, mtu wa maneno mengi, alieleza kwa kirefu kwamba amefanyiwa upasuaji wa goti mwezi Januari na hajatoka kitandani, akaanza kueleza na goti la pili. Ildefonce akashukuru, akakata. Dalili ya kwanza ilikuwa imekufa kifo cha asili.

Zikabaki buti. Zilikuwa nyeusi, shingo ndefu, mpya bado. Akaukunjua ulimi wa buti ya kulia, akasoma namba, kisha akasoma na ya kushoto.

"Mumeo alikuwa anavaa namba ngapi?"

"Kumi na moja. Miguu kama makasia, nilikuwa namtania tangu uchumba."

"Niletee kiatu chake kingine chochote."

Zohra akaleta ndara zake za bafuni, zilizokuwa bado zimekaa pembeni ya kitanda. Ildefonce akaziweka juu ya soli za buti. Ndara zilizipita buti kwa upana wa vidole viwili vya mkono.

"Hizi ni namba nane," alisema. "Polisi hawakusoma kwa sababu hakuna aliyewauliza, na wewe hukusoma kwa sababu ulikuwa unalia. Buti hizi si za Navroz."

Zohra akakaa chini juu ya magazeti, katikati ya makorokoro ya kuvulia.

"Na jambo la pili. Watu wa hapa huvua viatu mlangoni kwao, kweli. Lakini hemani, juu ya barafu, nani atavua? Anayevua ni yule aliyeona mkeka umetandikwa. Mumeo hakuvua buti kwa kuchanganyikiwa, Mama Aleena. Alivua kwa adabu. Hawezi mtu wa Mwanza kuukanyaga mkeka wa mama mkwe wake na matope ya Toronto."

Alitaka amwambie zaidi, lakini alijizuia. Mpelelezi anayesema kabla ya kujua ni mpiga ramli tu. Akachukua buti moja, akaondoka nayo.

*

Duka la vifaa vya uvuvi, ambalo jina lake lilikuwa kwenye kibandiko ndani ya buti, lilikuwa barabara ya Danforth, mwendo mfupi kutoka Crescent Town alikokuwa akiishi. Alikuwa amelipita miaka mingi bila kuliingia, maana nani atoke Ziwa Victoria aje kununua ndoana kwa Mzungu? Mwenye duka alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, fulana ya sufu, miwani imening'inia kifuani.

"Nataka kuanza kuvua kwenye barafu," Ildefonce alimwambia kwa Kiingereza. "Sijui chochote."

Mzee akafurahi kama aliyeletewa posa. Akamvuta hadi nyuma.

"Mtaimbo kwanza," alisema. "Unatangulia nao, unagonga barafu mbele yako kila hatua. Ikiitikia kwa sauti nzito, songa. Ikitoa maji, geuka urudi kwa mkeo. Keke ya kutobolea hii hapa. Ukishatoboa, tundu linajaa vipande vya barafu, unavichota kwa upawa huu. Fimbo fupi, kwa sababu unakaa juu ya tundu, hurushi mshipi. Ndoo ya kukalia. Hema. Na hii usiivue hata ukienda kujisaidia." Akamvisha shingoni kamba yenye misumari miwili. "Ukizama, unaichomeka kwenye barafu unajivuta nje."

Ildefonce akajitazama kwenye kioo cha miwani ya jua iliyokuwa ikiuzwa pembeni. Inspekta mzima na hirizi ya misumari.

"Na buti?"

"Kubwa. Lazima kidole kicheze na soksi mbili. Buti ikibana, damu haishuki, mguu unaganda. Mimi siuzi buti inayobana hata mteja akilia."

"Kwa hiyo hungemuuzia mtu wa kumi na moja buti ya nane."

Mzee akacheka. Ildefonce hakucheka. Akaitoa ile buti kwenye mfuko, na picha ya Navroz, akaviweka juu ya kaunta. Kicheko cha mzee kikapungua polepole.

"Huyu namkumbuka. Amepatwa na nini?"

"Amefariki. Alikuja na nani?"

"Masikini." Mzee akavaa miwani. "Walikuwa wawili. Huyu mrefu, na Mwafrika mmoja mfupi wa umri wake. Nilikaa nao asubuhi nzima. Kila nilichowaonyesha walishikana mabega wakacheka. Waliniambia utotoni walivua na uzi na unga uliopikwa. Unga! Nikawaambia samaki wa hapa hawajui unga, nunueni minyoo. Wakacheka tena. Wakachukua buti za aina moja, mmoja namba kumi na moja, mwingine nane. Sijauza kitu kwa raha namna ile miaka mingi."

"Huyo mfupi anaitwa nani?"

"Sikumbuki. Alikuwa na haraka mwishoni. Ilikuwa Ijumaa, akasema sala haimngoji mtu, akatoka kwa miguu. Mrefu akabaki hapa kwenye benchi na vifurushi vyote viwili, akamsubiri mpaka alipomaliza kuswali. Yule mfupi alirudi hata saa moja haijaisha."

Ildefonce akashukuru. Mtu anakwenda kuswali Ijumaa kwa miguu na kurudi upesi namna ile, basi msikiti hauko mbali, na upande ule wa Danforth kulikuwa na mmoja tu wa kufikika hivyo. Akanunua upawa kwa sababu aliona aibu kutoka mikono mitupu. Mpaka leo hajui aliununulia nini.

*

Ijumaa hiyo, Ildefonce, Mkatoliki wa kubatizwa Rubya, alisimama kwenye chumba cha viatu cha msikiti akijifanya anasubiri rafiki. Ndani hotuba ilikuwa inaendelea. Mbele yake, kwenye rafu zilizofika kichwani, kulikuwa na viatu vya dunia nzima vikitiririsha theluji.

Alipokuwa kijana Mwanza alikuwa na rafiki, Shaukat, aliyetoka msikitini mara tatu kwa mwaka mmoja na viatu visivyo vyake. Si wizi. Mtu anatoka ana mawazo, anaona vinavyofanana, anatumbukiza miguu, anakwenda. Walikuwa wakimcheka mpaka machozi. Hakuwa amemkumbuka Shaukat kwa miaka, na sasa alimkumbuka na ile kanzu yake fupi, hata jina la muuza kashata wa pale nje likamjia. Ebo! Yuko kazini. Akaanza kukagua rafu.

Buti alizikuta kwenye rafu ya chini kabisa. Nyeusi, shingo ndefu, namba kumi na moja, na ndani ya kila moja kumesokotwa soksi nene kwenye vidole. Pacha wa zile za Zohra, isipokuwa kubwa.

Hakuzigusa. Akasimama kando yake, akangoja.

Watu walipotoka, walitoka kwa wingi, na ikawa mabega na viwiko. Kisha mkono mmoja mwembamba ukashuka ukazichukua. Mwenye mkono alikuwa mzee mfupi, koti la kazi ya usafi, mvi kidogo kidevuni. Akaketi kwenye benchi, akatumbukiza mguu, na mguu ukapotelea ndani ya buti.

"Zinakupwaya, mzee wangu," Ildefonce alimwambia kwa Kiswahili.

Mzee akainua macho. Alimwangalia Ildefonce alivyosimama, mikono nyuma, miguu imeachana, akaelewa upesi.

"Afande," alisema kwa sauti ndogo. "Niache nimalize kufunga kamba. Nitakuja mwenyewe."

"Mimi si afande tena. Sina pingu, na uhamiaji siujui mlango. Nimetumwa na mjane wa Navroz."

Mzee akaacha kamba. Uso wake ukakunjamana, akajifunika kwa mikono yote miwili, pale pale, huku watu wakimpita. Ildefonce akaketi kando yake, akangoja kama anavyongoja mtu mwenye adabu. Jina lake lilikuwa Yusuph.

"Baba yake Navroz alikuwa na duka Makoroboi," Yusuph alianza, pole pole. "Baba yangu alikuwa mpishi wao. Sisi wawili tulikuwa tunatoroka, tunaiba ugali wa jikoni, tunakwenda kwenye mawe kuvua furu. Vijisamaki vidogo hivi. Miaka yote ile hatukuwahi kutoa kitu isipokuwa furu! Wao wakaondoka mwaka wa sabini na mbili. Nikajua basi, ndiyo imekwisha. Sasa mwaka juzi niko kwenye basi la Don Mills, natoka kufagia maofisi, nasikia mtu nyuma yangu anaongea na simu, anamgombeza fundi wa bomba, 'Usinifanye mimi furu!' Nikageuka. Afande, nani mwingine duniani anasema hivyo?"

"Kwa nini hakumwambia mkewe?"

"Mimi nilimwapisha. Ombi langu la kukaa nchi hii lilikataliwa. Nimebaki tu, najificha. Nilimwambia, ukiniona umeniona, usinitaje hata kwako. Akakubali. Alikuwa anasema Zohra akijua atataka kunilisha, na mtaa mzima utajua kwa nini anapika biriani Jumatatu."

"Na siku ile?"

Yusuph akatazama buti. "Siku ile alianguka ghafla. Nilimshika. Nilipoona kimya, nikatoka mbio kuita watu, na machozi haya unayoyaona, nikaingiza miguu kwenye buti zilizokuwa mbele. Jozi mbili zinafanana, ningejuaje? Nikamwambia mama mmoja mwenye mbwa, piga simu. Sikuthubutu kuwangoja polisi. Nikajificha nyuma ya miti mpaka walipomfikia. Hapo ndipo nikaondoka. Ni kwenye kivuko nilipoona nakanyaga miguu ya Navroz." Akapumua. "Nimeshindwa kuzirudisha, nimeshindwa kuzitupa. Nazivaa Ijumaa tu."

Ildefonce alifikiri jambo moja. Kisheria kazi yake ilikuwa imekwisha: Zohra aliuliza, yeye anakwenda kumjibu. Lakini kuna majibu ambayo mtu mwingine akikusemea yanakuwa habari tu.

"Siwezi kukulazimisha," alisema. "Anadhani mumewe alikufa amepagawa na baridi, anamwita na hakuna wa kumsikia. Mimi nitamwambia sivyo. Ataniamini kwa adabu. Wewe atakuamini kweli."

"Akiwapigia polisi?"

"Hilo nalo sikuapii. Simjui hivyo."

Yusuph akazitazama zile buti kubwa. Kisha akainama, akamaliza kufunga kamba.

*

Zohra alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Aliutazama uso wa yule mgeni mfupi, akashuka na macho mpaka chini, na pale akakwama. Yusuph alikuwa ameshainama. Alizivua buti, akazipanga kando ya mlango, vidole vikielekea ukutani.

"Alikuwa anaziweka hivyo hivyo," Zohra alisema.

"Shemeji," Yusuph alisema. "Mimi ni Yusuph. Mtoto wa mpishi wa Makoroboi."

"Yusuph wa furu?"

"Huyo huyo."

"Aliniambia umekufa kwenye vita vya Kagera! Alikulilia!" Kisha akapandwa na hasira, akampiga kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu. "Na wewe! Tangu Krismasi unakula chapati zangu, huji kunisalimu? Mmenificha, wazee wazima mmenificha kama watoto!"

"Nisamehe, shemeji. Kosa langu, si lake."

Ildefonce alikuwa amebaki koridoni. Zohra alishika nguzo ya mlango. Akauliza.

"Aliona baridi?"

"Baridi ya wapi! Jiko lilikuwa linawaka, tumekaa mkekani na soksi, tumetoka kunywa chai yako. Mshipi wake ukavutwa. Ukavutwa kwa nguvu, fimbo ikapinda, akaishika kwa mikono miwili. Akasema, 'Yusuph! Huyu si furu huyu!' Akacheka, akaniegemea. Nikadhani anaendelea kucheka." Akagusa paja lake. "Nikamweka kichwa chake mapajani, nikamsomea shahada sikioni. Hakuita mtu. Hakupata nafasi ya kuogopa, wallahi."

Zohra alifunika mdomo kwa mtandio. Mabega yalitikisika, na Ildefonce, aliyeona wajane wengi katika kazi yake, hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko, mpaka alipoutoa mtandio, akaona ni vyote viwili.

"Na samaki?" aliuliza.

"Nilikata mshipi, shemeji. Sikuwa na moyo."

"Kumbe Navroz hakumwona samaki wake."

"Hata mimi sikumwona."

Akaingia ndani, akarudi na zile buti za namba nane, ile moja akiipokea kutoka kwapani mwa Ildefonce bila hata kumtazama. Akaziweka miguuni pa Yusuph.

"Zako hizi. Utaondoka nazo. Hizo nyingine usiziguse, ziache hapo hapo zilipo." Akasogea kando kumpisha. "Ingia, mkeka umetandikwa. Unieleze tangu siku mlipoonana tena."

Mlango haukufungwa vizuri. Ildefonce alikuwa anasubiri lifti, upawa wa matundu bado uko mfukoni mwa koti lake, aliposikia sauti ya Zohra ndani ikijaribu kuyasema yale maneno ya mwisho ya Navroz kwa sauti nzito ya kiume. Hakupatia. Yusuph akamrekebisha, na akajaribu tena.